Miezi Saba Bila Kengele: Wanafunzi wa Sekondari wa Majengo, Goma, na Miaka ya Magonjwa

Jioni ya tarehe 18 Machi 2020, Rais Félix Tshisekedi wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo alilihutubia taifa kutoka Kinshasa. Ili kuzuia corona, aliamuru shule, vyuo vikuu, makanisa, misikiti na baa zifungwe kwa wiki nne kuanzia kesho yake, na akapiga marufuku mikusanyiko ya watu zaidi ya 20. Goma, mashariki mwa nchi, iko zaidi ya kilomita 1,500 kutoka Kinshasa, na saa yake iko mbele kwa saa moja. Huko, katika mtaa wa Majengo, komini ya Karisimbi, upande wa kaskazini wa mji, wanafunzi wa sekondari waliweka sare zao za bluu na nyeupe wakidhani watazivaa tena baada ya Pasaka. Wafinalisti, yaani wa mwaka wa mwisho, walirudi darasani tarehe 10 Agosti. Wengine wote walisubiri hadi tarehe 12 Oktoba.

Mwaka huo shule zilifungwa karibu dunia nzima, lakini amri hiyo haikuzikuta shule zote katika hali moja. Huko Majengo iliikuta shule iliyobebwa na mfuko wa mzazi kwa miaka karibu thelathini, katika mji uliojengwa juu ya jiwe la volkano, ambao watu wake walikuwa wamezoea kukimbia na kurudi. Anayetaka kuelewa kwa nini miezi ile iliumiza kiasi kile, na kwa nini shule za Majengo hata hivyo hazikufa, lazima aanzie mbali.

1967–2002: Shule mikononi mwa wazazi

Mwaka 1967 serikali ya Kongo ilianzisha Examen d'État, mtihani mmoja kwa wote wanaomaliza sekondari nchini. Vijana huuita exetat. Anayefaulu hupata diploma ya serikali, na asiye nayo haingii chuo kikuu. Miaka yote ya sekondari, tangu darasa la saba hadi mwisho wa humanité, ngazi ya juu ya sekondari, huelekea kwenye siku zile chache.

Mwaka 1974 Rais Mobutu alizitaifisha shule za makanisa. Miaka mitatu baadaye alizirudisha kwa mkataba: serikali ilipe walimu na kupanga masomo, makanisa yaendeshe. Ndiyo maana hadi leo shule nyingi za Goma ni za Wakatoliki, Waprotestanti, Wakimbangu au Waislamu, huku zikihesabiwa kuwa za umma. Mapema miaka ya 1990 upande wa serikali ulivunjika. Uchumi wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, uliporomoka na mshahara wa mwalimu ukabaki jina. Ili milango isifungwe, ilikubaliwa kwamba mzazi amwongezee mwalimu kitu kila mwezi. Kitu hicho kiliitwa prime. Kilikusudiwa kuwa cha muda, kikadumu kizazi kizima.

Tangu hapo kukaa nyumbani kukawa sehemu ya masomo. Ada ikichelewa, prefe, yaani mkuu wa shule, hupita darasani na orodha, na waliotajwa hubeba madaftari yao na kuondoka mpaka mzazi apate. Kijana wa Majengo alijua maana ya kukosa wiki nzima ya masomo kabla hajasikia neno corona.

Magonjwa ya mlipuko nayo hayakuwa mageni. Julai 1994 wakimbizi karibu milioni moja kutoka Rwanda waliingia Goma na vitongoji vyake kwa siku chache. Kipindupindu na kuhara damu viliwaua karibu watu 50,000 katika mwezi wa kwanza. Kisha tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka, lava ikapita katikati ya mji hadi ziwani, na watu kama 120,000 wakabaki bila makao. Walirudi wakajenga nyumba za mbao na mabati juu ya lava ileile.

Jiwe hilo jeusi lina uzito katika historia hii. Kuchimba choo juu yake ni kazi ya nyundo na siku nyingi, na kupitisha bomba ni gharama. Ziwa Kivu liko chini, mitaa ya kaskazini iko juu, na mara nyingi bomba la Regideso, shirika la maji la serikali, huwa kavu. Maji hufika nyumbani kwa bidoni ya lita 20, mgongoni mwa mtoto au juu ya chukudu, chombo cha mbao cha kusukuma, na kila bidoni ina bei yake. Amri yoyote ya kunawa mikono, Majengo ni amri ya kununua maji.

2018–2019: Ndoo ya Ebola

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza mlipuko wa kumi wa Ebola nchini, safari hii katika Kivu Kaskazini. Kwa karibu mwaka mmoja ugonjwa ulibaki hasa upande wa Beni na Butembo. Tarehe 14 Julai 2019 ulifika Goma: mchungaji aliyesafiri kwa basi kutoka Butembo alithibitishwa kuwa mgonjwa. Siku tatu baadaye Shirika la Afya Duniani lilitangaza hali ya dharura ya kimataifa. Mwisho wa Julai mgonjwa wa pili alipatikana, mchimba dhahabu aliyetoka Ituri, halafu mtoto wake na mke wake. Goma ilipata wagonjwa wanne tu, lakini mji mzima ulibadili mwenendo.

Shule zilipofunguliwa Septemba, kitu kipya kilisimama mlangoni: ndoo ya plastiki yenye bomba dogo chini, imewekwa juu ya kigoda cha mbao, na beseni la kupokea maji machafu. Maji yalinuka klorini. Kando yake alisimama mtu mwenye kipimajoto cha kuelekeza kwenye paji la uso, na foleni ya bluu na nyeupe ilipita mbele yake mmoja mmoja kabla ya bendera kupandishwa. Wanafunzi waliacha kushikana mikono, wakasalimiana kwa kiwiko. Miezi sita kabla ya dunia kuigundua salamu hiyo, Goma ilikuwa imeizoea.

Majengo yenyewe iliingia katika habari za sayansi. Tarehe 14 Novemba 2019 chanjo ya pili ya Ebola, iliyotengenezwa na kampuni ya Johnson & Johnson, ilianza kutolewa Goma katika maeneo mawili ya afya, Majengo na Kahembe. Ilihitaji dozi mbili, ya pili siku 56 baada ya ya kwanza. Zaidi ya watu 20,000 walipokea dozi ya kwanza, watu wazima na watoto. Vikwazo vya corona vilikuja baadaye kuivuruga ratiba ya dozi ya pili.

Pamoja na ndoo na chanjo yalikuja mashaka. Watu waliona magari mapya ya mashirika, mikataba na fedha zikimwagika kwa ajili ya ugonjwa mmoja, wakati watu wanauawa na makundi yenye silaha huko Beni, na malaria inaua watoto bila kelele. Wengi walisema Ebola imegeuka biashara. Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya wagonjwa 3,470 na vifo 2,287. Mashaka yalibaki, na corona iliyakuta yakingali moto.

Septemba hiyohiyo ya 2019 ilileta badiliko jingine: masomo ya msingi katika shule za umma yakawa bure. Wazazi walifurahi, na walikuwa na haki. Lakini sekondari haikuguswa. Huko mzazi aliendelea kulipa, na mwalimu aliendelea kuishi kwa kile mzazi alicholeta. Mlolongo wote wa mwaka uliofuata umetokana na hapo.

Machi–Julai 2020: Mpaka, mfuko na mwalimu

Mgonjwa wa kwanza wa corona nchini alitangazwa Kinshasa tarehe 10 Machi. Tarehe 21 Machi Rwanda ilifunga mipaka yake, na tarehe 24 Machi Tshisekedi alitangaza hali ya hatari, Kongo nayo ikafunga mipaka. Kwa mtu wa Kinshasa mpaka ni jambo la uwanja wa ndege. Kwa Goma ni barabara ya kila siku: kivuko cha Petite Barrière kilikuwa kinapitisha makumi ya maelfu ya watu kwa siku kwenda na kurudi Gisenyi, upande wa Rwanda, wengi wao akina mama wenye mboga, maziwa, nyanya na vitenge. Mpaka ulipofungwa, mapato yao yalikatika asubuhi moja. Aprili, gavana Carly Nzanzu Kasivita akautenga mji na maeneo mengine ya mkoa.

Mama wa Petite Barrière ndiye aliyekuwa akilipa ada ya sekondari Majengo. Biashara yake iliposimama, ada ilisimama. Na hata kama angekuwa na fedha, shule imefungwa, nani alipe prime ya darasa lisilokaa? Mwalimu wa shule ya umma alibaki na mshahara wa serikali, kama alikuwa kwenye orodha ya mishahara. Wengi hawakuwa kwenye orodha. Mwalimu wa shule ya binafsi hakubaki na chochote. Walimu waliingia sokoni, wakaendesha pikipiki, wakafundisha watoto wa majirani wachache kwa malipo madogo. Serikali ilikuwa imefunga madarasa, lakini kilichokatika kilikuwa uzi wenyewe unaoishikilia shule.

Kulikuwa na juhudi za kufundisha kwa mbali. Wizara ilitayarisha masomo ya redio na televisheni, na Radio Okapi ilianzisha kipindi chake cha Okapi École. Nia ilikuwa njema. Ila somo la redio lina saa yake, na saa hiyo inaweza kukuta betri imekwisha, umeme haupo, au redio moja ya nyumba iko mikononi mwa baba anayesikiliza habari. Walimu wengine walituma mazoezi kwa WhatsApp. Hapo swali likawa nani ana simu, na nani ana fedha ya kununua mega za intaneti. Katika nyumba yenye watoto watano na simu moja, simu ilimfuata mfinalisti.

Na kweli wafinalisti ndio walioendelea. Walikaa wawili watatu kwenye baraza, karatasi za itemu za miaka iliyopita zikipita mkono kwa mkono, fotokopi ya fotokopi, pembe zimeoza kwa jasho. Karatasi ya itemu ni kitu cha kutisha kwa asiyeizoea: safu za maswali mafupi, kila swali na majibu yake ya kuchagua, na mstari mmoja unaosema hakuna jibu sahihi. Kila mtahiniwa hupewa seri yake ili asimwige jirani. Kuizoea ni kwa kurudiarudia, mmoja akisoma swali kwa sauti, mwingine akitetea jibu, wa tatu akimpinga kwa daftari. Vikundi hivi havikuanzishwa na amri ya mtu. Vilikuwa desturi ya Goma tangu zamani, na mwaka 2020 ndivyo vilivyoibeba sekondari.

Walio chini ya darasa la mwisho hawakuwa na mtihani wa kuwasukuma, na kwao miezi ilikuwa mirefu zaidi. Wavulana walisukuma chukudu, walisomba mawe ya ujenzi, walijifunza pikipiki. Wasichana walibeba nyumba: maji, jiko, wadogo zao, na meza ya biashara mbele ya mlango. Wapo waliopata mimba na wapo walioolewa. Walimu walipoita majina mwezi wa kumi, kimya cha baadhi ya majina kilieleweka na kila mtu.

Mambo yanayoifanya sekondari kuwa zaidi ya darasa yalizimika pia: michuano ya mpira kati ya shule, mashindano ya maswali ya génie en herbe, kwaya, sherehe za mwisho wa mwaka. Amani Festival, tamasha linalowakusanya vijana wa Goma tangu 2014, lilikuwa limefanyika Februari 2020, mwezi mmoja kabla ya amri. Februari 2021 halikufanyika. Kwa vijana waliokulia kati ya vita na volkano, katika mikusanyiko hiyo ndipo mtoto wa Majengo alipokutana na mtoto wa mtaa wa Himbi au wa Gisenyi bila kuulizwa kabila.

Agosti–Desemba 2020: Nafasi ilipatikana, ikapotea

Hali ya hatari iliondolewa Julai. Tarehe 10 Agosti madarasa mawili tu yaliitwa: la mwisho la msingi na la mwisho la sekondari. Uamuzi huo unaeleza wazi nchi inaipima shule kwa kipimo gani. Kilichookolewa kwanza kilikuwa mtihani.

Kwa wiki chache wafinalisti wa Majengo waliishi maisha ambayo hakuna aliyewahi kuyaona. Shule ilikuwa tupu. Benchi la watu watatu au wanne lilikaliwa na mmoja au wawili. Mwalimu aliweza kumfikia kila mmoja na kusahihisha daftari lake palepale. Barakoa, ndoo mlangoni na kipimajoto vilirudi, na kanuni ya kukaa mbali iliwezekana kwa sababu moja tu: wenzao walikuwa nyumbani. Mtihani ulifanyika, na matokeo yalipotoka kwenye simu mitaa ilijaa unga mweupe wa poda, vichwani, usoni, kwenye sare, na pikipiki zikipiga honi kama mwaka wowote. Hakuna aliyekumbuka umbali wa mita moja, na ni vigumu kuwalaumu.

Wanafunzi wa madarasa mengine walihukumiwa kwa alama walizokuwa nazo kabla ya Machi. Kwa aliyefanya vizuri mapema ilikuwa bahati. Kwa yule aliyefukuzwa mara kwa mara kwa sababu ya ada katika muhula wa kwanza, akitegemea kujikomboa wa pili, muhula huo haukuja. Buletini yake ya alama ilibeba umaskini wa nyumbani kwao kana kwamba ni uvivu wake.

Tarehe 12 Oktoba wote walirudi, na nafasi ile ikayeyuka siku hiyohiyo. Madarasa ya Goma hujaa, na shule nyingi hugawana majengo kwa zamu, asubuhi na mchana. Hakuna prefe ambaye angeweza kuongeza vyumba kwa barua ya wizara. Kanuni ikabaki kwenye barakoa, na barakoa ikabaki kidevuni.

Desemba 2020–Juni 2021: Kufungwa tena, kisha mlima

Wiki kumi hazikutimia. Wimbi la pili la corona lilipopanda, serikali iliweka amri ya kutotoka nje kuanzia saa tatu usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, na likizo ya Noeli ikaanza mapema, tarehe 18 Desemba. Januari ikapita bila kengele. Shule zilifunguliwa tarehe 22 Februari 2021. Mwaka wa masomo ulikuwa sasa umefungwa karibu muda uleule uliofunguliwa, na kalenda ikasukumwa ndani ya miezi ya vakanse, yaani likizo.

Tarehe 6 Mei hali ya kuzingirwa ilianza Kivu Kaskazini na Ituri, na wanajeshi wakachukua nafasi za magavana. Halafu, miezi mitatu kamili baada ya shule kufunguliwa, jioni ya Jumamosi tarehe 22 Mei, Nyiragongo ulipasuka tena. Lava ilisimama upande wa Buhene, kwenye ukingo wa kaskazini wa mji. Ardhi iliendelea kutetemeka, na alfajiri ya tarehe 27 Mei gavana wa kijeshi Constant Ndima aliamuru mitaa kumi ihamishwe mara moja. Majengo ilikuwa mojawapo. Watu walitembea kuelekea Sake, Minova, Rutshuru na Rwanda, magodoro kichwani, na kule walikofika walilala ndani ya madarasa na makanisa.

Hapo amri ya corona ilifika mwisho wake halisi, ingawa hakuna aliyeifuta. Mtu aliyelala na familia sita katika chumba kimoja cha shule haulizwi umbali wala barakoa. Watu walianza kurudi Juni. Wafinalisti wa mwaka huo, waliokwisha kupoteza Januari na Februari, walirudi kwenye baraza zilezile na fotokopi zilezile.

2021–2025: Baada ya corona

Mwaka mpya ulifunguliwa tarehe 4 Oktoba 2021, na walimu wa shule za umma wakaanza mgomo siku hiyohiyo, wakidai mishahara na ahadi zilizotolewa tangu elimu ya msingi ilipofanywa bure. Kwa wiki kadhaa wanafunzi walifika, wakaimba wimbo wa taifa, wakarudi nyumbani. Mgomo huo haukutokana na corona. Ulitokana na deni lilelile la miaka ya 1990, ambalo corona ilikuwa imelifunua.

Miaka iliyofuata haikutoa pumzi. Mwishoni mwa 2022 vita vya waasi wa M23 viliwasukuma makumi ya maelfu ya watu hadi Kanyaruchinya, kaskazini tu mwa Majengo, na kipindupindu kikarudi kambini. Agosti 2024 mpox ilitangazwa dharura ya kimataifa, na tarehe 5 Oktoba chanjo yake ilizinduliwa Goma. Ndoo zilitolewa tena kwenye stoo za shule. Januari 2025 M23 iliingia mjini, na milango ikafungwa kwa sababu nyingine kabisa.

Tukiangalia nyuma, uamuzi wa Machi 2020 ulieleweka. Hakuna aliyejua ugonjwa ungefanya nini katika mji wenye msongamano ule. Kosa lililo wazi ni kufunga shule bila kuuliza inaishi kwa nini. Sekondari ya Majengo iliishi kwa biashara ya mama mpakani, kwa mwalimu anayelipwa na mama huyo, na kwa vijana wanaofundishana. Amri za Machi, ya shule na ya mipaka, zilikata viwili vya kwanza kwa mpigo, na hazikuwa na kitu cha kuziba pengo. Cha tatu zilikiacha, kwa sababu hazikujua kwamba kipo.

Goma itapata mlipuko mwingine. Historia yake haituruhusu kudhani vinginevyo. Wakati huo barua ya kufunga inapaswa kuambatana na mshahara wa mwalimu wa sekondari, tanki la maji lisilotegemea mgongo wa mwanafunzi, na karatasi za itemu zilizochapwa vizuri na kupelekwa kwenye vikundi vya barazani, pamoja na mwalimu wa kuvizungukia. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji uvumbuzi. Vyote vilionekana Majengo mwaka 2020, vikifanywa nusunusu na watu wasio na fedha, na vikatosha kuifikisha shule ng'ambo ya pili. Serikali ikivifanya kikamilifu, kijana wa darasa la nane atarudi pamoja na mfinalisti, na msichana ambaye jina lake liliitwa bila jibu mwezi wa kumi ataitika.